Nilivyoitengeneza Sauti ya Nyumba Yake

Sikio langu la kushoto lilikufa siku ileile duara la mume wangu lilipotema. Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, na likianza kutoa mawe yenye mali watu husema limetema. Kwa muda mrefu lilikuwa limekaa kimya. Nilikuwa nikipika ugali wa wachimbaji wake, nikifua nguo zao zilizoganda tope, nikivumilia na matusi yao, kwa sababu mume wangu aliniahidi kwamba likitema tutahama vile vyumba viwili vya bati tujenge nyumba ya maana. Likatema mchana mmoja wa jua kali. Alirudi nyumbani amebebwa mabegani na wenzake, wakishangilia.

Miaka ile kata yetu yote ya Kemambo ilikuwa imepagawa na dhahabu. Mashamba ya mihogo yalitobolewa hadi mtu ukawa unaogopa kukata njia usiku. Watu walikuja kutoka Geita na Kahama, wengine walivuka kutoka upande wa Kenya kwa kupitia Sirari, na kila aliyepata, kitu cha kwanza kununua kilikuwa cha kupiga kelele. Siku hiyohiyo mume wangu alinunua kwa mkopo spika ya bluetooth, ndefu kama mtungi mkubwa wa gesi, yenye taa zinazobadilika rangi. Jioni hiyo aliiweka mezani uani, akaiunganisha na simu yake, akaifungulia mpaka mwisho.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kulikuwa na msiba. Jirani yetu alikuwa amemzika mumewe, aliyefukiwa na kifusi shimoni, na wanawake walikuwa bado wamekaa chini kwenye mkeka. Kila wimbo ulipoisha, kabla mwingine haujaanza, nilikisikia kilio chao. Nikamwendea mume wangu mbele ya wenzake, nikamwambia kwa upole:

"Punguza kidogo. Kwa jirani bado wanalia."

"Waambie waje wacheze," akasema, na wenzake wakacheka.

Nikanyoosha mkono, nikaizima spika.

Alinipiga kofi moja tu, la kiganja kizima, likatua sikioni. Ndani ya kichwa changu kitu kilipasuka, kisha ikaanza filimbi nyembamba isiyokatika. Nilikaa chini vumbini. Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja wa wenzake aliinama juu ya meza akawasha muziki tena, na nilipousikia ulikuwa unatoka upande mmoja tu wa dunia.

Nesi wa zahanati yetu, dada aliyeletwa kazini kutoka mikoa ya kusini, alimulika ndani ya sikio kwa tochi, akaniuliza ni nani aliyenipiga. Nikamwambia. Alitaka niende polisi, nikaogopa. Akanituma hospitali ya Tarime, na huko wakanieleza kwamba ngoma ya sikio imechanika na vijifupa vilivyo nyuma yake vimetoka mahali pake. Ngoma iliziba yenyewe. Usikivu haukurudi, na hautarudi.

Nilikimbilia kwa baba yangu Kenyamonta. Wazee wa pande zote mbili wakaitwa. Walichinjiwa mbuzi, wakazungumza kutwa, na jioni msemaji wa upande wa mume wangu, mzee mwenye sauti nzito anayeheshimika sana, akafunga kikao.

"Ni kofi tu," alisema. "Nyumba haivunjwi kwa kofi."

Nilimwangalia baba yangu, nikingoja. Baba akaendelea kuchokonoa meno yake.

Sikurudi. Nilipanda basi nikaenda Mugumu kwa shangazi yangu, dada wa baba, mjane aliyekuwa na cherehani kibarazani. Kabla mvua hazijaanza nikasikia mume wangu ameoa mwingine, na kwamba ile nyumba ya maana imeanza kujengwa. Shangazi aliniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia sawa, lakini sikumwachia. Nilikuwa nalala juu ya sikio langu zima ili nisisikie kitu chochote, na katika ule ukimya nilikuwa natunga jinsi atakavyoaibika. Nilitaka aumie mbele ya watu, kwa sababu mimi niliumia mbele ya watu. Njia sikuijua. Nilikuwa na cherehani ya shangazi na chuki yangu, basi.

Shangazi alikuwa akishona sare za shule. Mimi nikajikuta kwenye mapazia. Watumishi wa serikali walikuwa wanahamia Mugumu kila mara, walimu, manesi, watu wa hifadhi, na kila anayehamia anataka pazia. Vitambaa nilinunua kwa mzee mmoja wa dukani, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani akaoa hukuhuku. Siku moja mzee huyo akanitaka nimshonee mapazia ya sebuleni kwake, mazito, ya tabaka mbili.

Nilimkuta amekaa mbele ya spika mbili nyeusi, amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hebu sikiliza. Mwanangu wa Mwanza kaniletea spika hizi. Hazina waya wa muziki, zinavuta nyimbo kwenye wifi zenyewe. Anasema ni za thamani kubwa. Mbona mimi nasikia kama mtu anaimbia ndani ya ndoo?"

Nilipanda kwenye stuli nikaanza kutundika. Muziki ulikuwa unaendelea, taarabu ya zamani, mwanamke na fidla. Nilipotandaza pazia la kwanza kwenye lile dirisha kubwa, sauti ikabadilika. Ule ukali wa juu uliokuwa unakwaruza ukapungua. Nikalikunja pazia, ukarudi. Nikalitandaza tena. Niligeuka nikamkuta mzee amesimama.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimefunika kioo tu."

"Basi funika na kile kingine."

Kuanzia siku hiyo tukawa watu wawili wenye wazimu mmoja. Nilikuwa nafunga kibaraza mapema, napita kwake, mkewe ananipa chai ya tangawizi, tunahangaika na kile chumba. Sauti, tuligundua, inagonga kila kitu kigumu inachokutana nacho kisha inarudi kuvuruga ile inayofuata. Sakafu ilikuwa ya tailizi tupu, tukatandika kapeti. Spika zilikuwa zimesukumwa kwenye pembe za ukuta, ndiyo maana besi ilikuwa inanguruma kama gari la mchanga. Tukazivuta mbele kiasi cha mkono, besi ikatulia. Zilikuwa zimewekwa juu ya kabati la vioo, na kila ngoma ikipigwa vikombe vya mke wa mzee vinatetemeka. Tukazihamishia kwenye meza mbili za mbao nzito, urefu wa sikio la mtu aliyeketi, na chini ya kila moja nikaweka kipande cha sponji ya godoro.

Muziki ulikuwa bado unakatikakatika. Mzee akalaumu mtandao wa simu. Siku moja nikafuata ile ruta, nikaikuta imefichwa nyuma ya kabati la chuma karibu na friji. Tukaitoa, tukaiweka juu ya rafu ya wazi katikati ya nyumba, na kukatika kukaisha. Kisha mwanawe alipokuja kusalimia akatuonyesha kitu ambacho tusingekijua: ile programu ya muziki ilikuwa imejiwekea ubora wa chini ili kuokoa bando. Akaingia kwenye mipangilio akaweka ubora wa juu kabisa. Akazima na kile kitufe cha kuongeza besi. Akatuambia bluetooth ni nzuri kwa safarini, ila inabana muziki ili upite, na simu ikiita kila kitu kinanyamaza. Nyumbani ni bora spika zivute zenyewe kwa wifi, simu ibaki ya kuamuru tu. Tulipomaliza, mzee alikaa kwenye kochi, akafumba macho, machozi yakamtoka. Alisema anamsikia yule mwanamke akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi sikuweza kulifanya. Spika mbili zikipangwa vizuri, aliyekaa katikati husikia kila mpigaji mahali pake, huyu kulia, huyu kushoto. Mwenye sikio moja hasikii hivyo. Kwangu muziki wote ulikuwa rundo moja, unatoka popote. Kwa hiyo nilikuwa namkalisha mzee kwenye kiti, naisogeza spika kidogo kidogo, namuuliza:

"Mwimbaji yuko wapi sasa?"

"Yuko kushoto, karibu na mlango."

"Sasa?"

"Hapo! Hapohapo usiguse. Amekaa pale penye kalenda, katikati, kama nimwamkie."

Nilitazama penye kalenda. Palikuwa na kalenda. Kila mara mtu aliponiambia mwimbaji amekaa katikati, nilimkumbuka mume wangu na kiganja chake. Uwezo huo wa kujua sauti inatoka wapi nilizaliwa nao, nikakua nao, na yeye akauondoa kwa sababu nilimwomba awaheshimu wafiwa. Hata nikivaa hedifoni nilikuwa napata nusu ya wimbo, mpaka nilipogundua mahali kwenye simu pa kuunganisha pande mbili ziwe moja. Siku nilipopagundua nilifurahi, halafu nikalia kwa hasira, hasira mbichi kama ya siku ya kwanza.

Habari zikaenea. Miaka ile ya dhahabu watu walikuwa wanajenga kwa mtindo mmoja: tailizi mpaka ukutani, madirisha makubwa ya aluminiamu, dari refu la jipsam, na ndani spika za wifi za gharama. Kisha wanashangaa nyumba inalia kama tangi. Mzee akawa anawaambia wateja wake, "Mwiteni binti wa mapazia." Nikaitwa kwa mwalimu mkuu, nikaitwa kwa mnunuzi wa dhahabu, nikaitwa Nyansurura kwa mfugaji aliyeuza ng'ombe akanunua spika nne na kuzipanga zote mstari mmoja kama masufuria. Kipimo changu kilikuwa litungu, zeze letu kubwa la nyuzi nane. Mtandaoni nilipata mzee wa Kikurya asiyejulikana anapiga peke yake, na njuga mguuni. Nikiweza kusikia kidole kinaachia uzi, na njuga zikasikika mojamoja zisichanganyike, chumba kimekaa sawa. Kama njuga zinasikika kama mchele unamwagwa, naongeza kitambaa ukutani.

Siku moja gari likasimama mbele ya kibaraza. Akashuka mwanamke mdogo kuliko mimi, amevaa vizuri, ameshika pochi kwa mikono miwili. Alimsalimia shangazi shikamoo, kisha akanigeukia.

"Dada, nakujua wewe ni nani," akasema. "Yeye hajui kama nimekuja."

Nikajua papo hapo kwamba ndiye aliyeolewa baada yangu. Shangazi akaacha kushona.

"Nyumba imekamilika," akaendelea. "Amewaalika watu wa Kemambo yote na wazee wa ukoo, aifungue rasmi. Amenunua spika za wifi, kubwa, kwa ajili ya sebule. Wageni walikuja kuzijaribu wakacheka. Amekasirika, anasema mimi nimeharibu. Watu wote wananiambia nimtafute fundi wa Mugumu."

"Anakupiga?" nikamuuliza.

Akatazama barabarani. "Dada, nimekuja kwa mapazia."

Shangazi alinivuta ndani. "Usiende," akaninong'oneza kwenye sikio zima. "Huyo mtu hana haja na pazia lako."

"Mimi ndiye mwenye haja na nyumba yake," nikamjibu.

Nilikwenda siku ambayo mume wangu alikuwa shimoni. Sijui nilitegemea kuona nini. Ilikuwa ndiyo ileile nyumba tuliyokuwa tukiipanga pamoja tukiwa tumelala kwenye vyumba vya bati: veranda mbele, sebule kubwa, jiko la ndani. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga makofi mara moja. Mwangwi ukarudi kama umetupwa. Nikawaza, naweza kukiacha chumba hiki hivi. Naweza hata kukizidisha, nikaweka spika kwenye pembe, nikashona vitambaa vyepesi, wageni wakacheka mbele yake. Lakini hilo lingehesabiwa kosa la mwanamke huyu, na kofi lingekuwa lake.

Kwa hiyo nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipima madirisha, nikarudi siku nyingine akiwa shimoni nikatundika mapazia mazito kutoka dari hadi sakafuni. Ukuta wa nyuma nikauvalisha kitambaa kilichofumwa, chenye pamba nyuma yake, mtu akikiona atadhani ni urembo. Nilitandika kapeti, nikazitoa spika kwenye pembe, nikaihamisha ruta kutoka chumbani ilikofungiwa kabatini. Mke wake akanipa namba ya siri ya wifi, nikaunganisha spika zote mbili kwa simu yangu, nikaweka ubora wa juu. Nikafungulia ule wimbo wa litungu. Nikamkalisha yeye kwenye kochi nikamuuliza mpigaji yuko wapi.

"Yupo hapa," akasema, akanyoosha kidole mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Kama nikimpa maji atapokea."

Nilipokuwa nafunga mkoba wangu akauliza ghafla, "Lilikuwa sikio lipi?"

Nikamwonyesha. Aliligusa kwa ncha za vidole, akatoa mkono haraka.

"Simu yangu bado imeunganishwa na spika zako," nikamwambia. "Nifute?"

"Mimi sijui mambo ya simu," akasema. "Iache tu. Na siku ya sherehe uje. Ingia kwa mlango wa jikoni."

Siku ya sherehe nilikwenda na shangazi, ambaye alisema kama nimeamua kuharibu basi haniachi niharibu peke yangu. Tuliingia kwa nyuma, palipokuwa panapikwa. Wanawake walionitambua walishikana mikono. Mama mkwe wangu alikuwa anapakua nyama. Aliniona, akashika mwiko hewani, kisha akaendelea kupakua. Tukakaa sebuleni pamoja na wanawake, karibu na mlango, mimi nimejitanda kanga asinitambue. Wazee wa ukoo walikuwa mbele kwenye makochi, na yule msemaji katikati yao. Viongozi wa kijiji walikuwepo, na wenzake wote wa shimoni.

Mume wangu alisimama amevaa suti. Alikuwa amenenepa. Aliwaonyesha watu dari, akawaonyesha jiko, kisha akaja kwenye spika.

"Hizi," akasema, "nilimleta mtaalamu kutoka Nairobi kuzipanga. Sikilizeni wenyewe."

Akagusa simu yake. Muziki ukajaa chumba, safi, kila kitu mahali pake, na watu wakaguna kwa kustaajabu. Hata mimi kwa sikio langu moja nilijua ni nzuri. Angeishia hapo asingekuwa yeye. Akapandisha sauti, akapandisha tena, mpaka akina mama wakaanza kuziba masikio ya watoto.

Nikatoa simu yangu kwenye kanga, nikashusha.

Akatazama simu yake, akapandisha. Nikangoja atabasamu, nikashusha. Akapandisha. Nikashusha taratibu, kama mtu anayezama. Mmoja wa wenzake akapiga kelele, "We mura, kijana mwenzangu, mtaalamu wako amesharudi Nairobi?" Kicheko kikatoka kwenye kona, kikaenea. Nilikuwa naona raha. Sitaipamba raha ile kwa jina jingine. Nilikuwa nimeingoja kitandani, nimeishona ndani ya mapazia ya watu, na sasa ilikuwa kwenye kidole changu, na kila kicheko kilipotoka nilitaka kingine.

Akageuka kumtafuta mkewe. "Wewe umegusa nini hapa?"

"Sijagusa," akasema mkewe. Alikuwa amebeba sinia la soda.

"Nani mwingine ana namba ya wifi? Nakuuliza!"

Akamsogelea, na mkono ukanyanyuka. Niliujua mkono ule, jinsi unavyoanzia begani. Nikazima muziki wote, nikasimama.

"Ni mimi," nikasema.

Chumba kilichotengenezwa vizuri hakihitaji upaze sauti. Kila mtu alinisikia. Mkono wake ulibaki juu.

"Ni mimi niliyezima. Hata safari ile ni mimi niliyezima, jirani alipokuwa amefiwa, na ukanipiga hapa," nikagusa sikio la kushoto, "mpaka leo halisikii. Hili la kulia bado linasikia. Watu wapo, wazee wapo. Njoo ulimalizie."

Nikamgeukia yule msemaji.

"Baba, shikamoo. Ulisema ni kofi tu. Sasa lingine hilo liko hewani, ni la huyu mwenye sinia. Na hilo nalo tulipitishe?"

Mzee alitazama chini kwenye fimbo yake. Mume wangu akashusha mkono. Akajaribu kucheka.

"Huyu mwanamke ni mwendawazimu," akawaambia watu. "Nani amemruhusu kuingia?"

"Ndiye mtaalamu wako," akasema mkewe, kwa sauti ileile ndogo, bado ameshika sinia. "Wa Nairobi."

Hapo ndipo walipocheka kweli. Walicheka wachimbaji wake, walicheka wanawake, nilimwona hata mwenyekiti wa kijiji akijifuta uso kwa leso asionekane. Yeye alisimama katikati ya sebule yake, katika suti, na kila kicheko kilimfikia bila mwangwi, kwa sababu mimi ndiye niliyeuondoa mwangwi. Yule msemaji akanyanyuka kwa fimbo yake, akasema anahitaji hewa, akatoka, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja wakiacha nyama kwenye sahani. Mimi nikafungulia wimbo wa litungu kwa sauti ya kadiri, ile inayokifaa chumba, nikamshika shangazi mkono, tukatoka kwa mlango wa mbele. Tulipofika getini simu yangu ilipoteza wifi, lakini muziki haukukatika, spika zilikuwa zinauvuta zenyewe. Shangazi alikuwa anatembea haraka, akigeuka nyuma. Mimi sikuharakisha.

Hakunifuata. Sikupigwa, sikushtakiwa. Mkewe hakuondoka pale, na sijui wanaishije. Aliwahi kunitumia ujumbe mmoja tu kunishukuru kwa mapazia, na nikimpigia hapokei. Mara nyingine huwaza kwamba nilimtumia kwa faida yangu, kisha nakumbuka alichosema kuhusu simu yangu, nafikiri labda na yeye alinitumia. Hilo halinisumbui.

Msimu wa mavuno uliofuata, mama mkwe wangu alishuka basi Mugumu akaulizia mpaka akafika kibarazani. Alikuwa amechoka. Nilimwamkia, nikampa kiti, shangazi akamletea uji.

"Mwanangu," akaanza, "yule mtu ameisha. Kule mashimoni akiwatuma watu kazi, mmoja anaita kutoka chini, 'Punguza sauti!' na shimo zima linacheka. Hata watoto njiani wanamwambia hivyo. Kwenye vikao hapewi nafasi ya kusema. Zile spika amezitupa kwenye banda la mbuzi."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini ili nisikie vizuri. "Endelea, mama."

"Nimekuja nikuombe. Uje mara moja tu, tukae na wazee, useme yamekwisha. Wakikusikia wewe, wataacha."

"Mama, kwako sina neno. Uji umekutosha?"

"Umenitosha. Unakuja?"

"Siji."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hata kwa ajili yako. Akikuuliza, mwambie bado nafurahi. Siku nikichoka kufurahi nitakuja mwenyewe."

Aliniangalia, na sikuyakwepa macho yake. Kisha akaomba maji ya kunawa. Nilimsindikiza stendi, nikamtafutia kiti cha dirishani kwenye basi la kupitia Nyansurura, nikampa mkate na ndizi za njiani. Aliniaga kwa kunishika bega. Basi lilipoondoka nilipita dukani kwa mzee kuchukua kitambaa cha kijani, kwa sababu kuna mwalimu mgeni alikuwa amehamia karibu na soko, na nilikuwa nimemwahidi mapazia yake kabla ya Ijumaa.